Je, Wajua? Majarini ya Steroli Inapokutana na Kikaango

Je, wajua kwamba steroli iliyomo kwenye majarini ya kushusha kolesteroli huenda imepita kwenye joto kali kuliko la kikaango chako kabla haijafika mezani?

Kabla mafuta ya soya, alizeti au kanola hayajatiwa chupani, kiwandani hupitishwa kwenye mnara na kupulizwa mvuke wa maji ili yaondokane na harufu. Joto la mnara huo kwa kawaida hufika nyuzi 230 hadi 250 za Selsiasi. Mvuke ukitoka haubebi harufu peke yake. Huchukua pia vitamini E, asidi za mafuta zilizojitenga, na kiasi cha steroli. Mabaki hayo hukusanywa yakipoa, yakasafishwa, na steroli ikaanza safari ya pili: hutiwa kwenye majarini maalumu, inayouzwa ghali kuliko mafuta ilikotoka.

Ingekuwa moto peke yake ndio unaoiharibu steroli, ingeishia mnarani. Haiishii humo kwa sababu mnara umenyonywa hewa. Shinikizo la ndani ni milibari chache tu, ilhali hewa tunayoivuta kandokando ya bahari ina shinikizo la milibari 1013 hivi. Kinachoishinda steroli ni moto na hewa vikiikuta kwa pamoja, na jikoni hivyo viwili hukutana kila siku. Ndiyo maana swali la mpishi ni la haki kabisa: majarini hii niliyoambiwa niipake kwenye mkate, je, naweza kuikaangia?

Abiria asiye na safari

Steroli ziko katika kila mmea. Huimarisha utando wa seli za mmea kama kolesteroli inavyoimarisha utando wa seli za mnyama. Zinazopatikana kwa wingi ni sitosteroli, kampesteroli na stigmasteroli. Ukiichora molekuli ya sitosteroli karatasini, utadhani umechora kolesteroli: tofauti ni kaboni mbili tu zilizoongezwa kwenye mkia. Kampesteroli imeongezwa kaboni moja.

Utumbo, hata hivyo, haudanganyiki. Hunyonya takriban nusu ya kolesteroli inayopita, lakini steroli za mimea huzinyonya chini ya asilimia 5, na kidogo kinachoingia husukumwa nje tena na pampu iliyoundwa na protini mbili zinazoitwa ABCG5 na ABCG8. Kazi ya steroli hufanyika humo humo utumboni. Ili kolesteroli ifike kwenye ukuta wa utumbo, lazima ipande vifurushi vidogo vya nyongo. Steroli nayo hupanda. Ni kama abiria aliyeingia daladala asiye na safari: hashuki popote, ila kiti amekikalia, na mwenzake amebaki kituoni. Kolesteroli iliyokosa kiti hutoka na choo.

Chakula cha kawaida chenye nafaka, kunde, karanga na mafuta ya mimea humpa mtu miligramu 200 hadi 400 za steroli kwa siku. Kiasi hicho hakitoshi kujaza viti. Ili kolesteroli mbaya, yaani LDL, ishuke kwa asilimia 7 hadi 10, huhitajika gramu 1.5 hadi 2.4 kila siku. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa kuiongeza kwenye chakula.

Kutoka kuku hadi misonobari

Mwaka 1951 mtafiti aitwaye Peterson alionyesha kwamba kuku waliolishwa kolesteroli pamoja na steroli za soya hawakupandwa na kolesteroli kwenye damu. Miaka michache baadaye kampuni ya dawa ya Eli Lilly ya Marekani ilikuwa ikiuza sitosteroli kwa jina la Cytellin. Ilisaidia, lakini ilichosha. Steroli safi ni unga wa fuwele unaoyeyuka kwenye nyuzi 140 hivi. Haikubali maji, na hata ndani ya mafuta huyeyuka kwa shida. Wagonjwa walilazimika kuinywa kwa gramu nyingi kila siku.

Ufumbuzi ulitoka Finland. Kusini-magharibi mwa nchi hiyo, karibu na Turku, kuna mji wa Raisio wenye kampuni ya jina hilohilo, iliyoanza mwaka 1939 kama kinu cha ngano. Ingmar Wester, mkemia wa kampuni hiyo, aliiunganisha stanoli, ambayo ni ndugu wa steroli, na asidi za mafuta ya mimea. Zao la muungano huo huitwa esta. Unga usioyeyuka ukageuka kitu laini kama mafuta yenyewe, kinachoweza kuchanganyika na majarini bila mlaji kuhisi chengachenga ulimini. Esta ikifika utumboni, vimeng'enya huikata na kuiachia stanoli ikafanye kazi yake.

Na stanoli hiyo ilitoka wapi? Kwenye viwanda vya karatasi. Vipande vya msonobari vinapopikwa ili kupata nyuzi za karatasi, huelea juu ya mchuzi ule mweusi kitu kama sabuni. Humo hutolewa mafuta ambayo Waswidi huyaita "tallolja", na neno "tall" kwao ni msonobari. Masalia ya mafuta hayo yana steroli nyingi, na steroli ikiongezwa hidrojeni huwa stanoli.

Majaribio yakafanywa Karelia Kaskazini, mkoa wa misitu mashariki mwa Finland. Mkoa huo ulikuwa umejulikana kwa huzuni: wanaume wake walikufa kwa magonjwa ya moyo kwa kiwango cha kutisha, kiasi kwamba mwaka 1972 serikali ilianzisha mradi maalumu wa kuwanusuru, ukiongozwa na Pekka Puska. Katika jaribio hilo la majarini, lililoongozwa na Tatu Miettinen wa Helsinki, watu 153 wenye kolesteroli iliyozidi kidogo walishiriki kwa mwaka mzima. Waliopaka majarini yenye stanoli kwenye mkate wao waliteremka kwa wastani wa asilimia 10 hivi katika kolesteroli yote. Matokeo yalichapishwa Novemba 1995 katika jarida la New England Journal of Medicine, na majarini yenyewe, Benecol, iliingia madukani Finland mwaka huohuo. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ukaruhusu majarini yenye esta za steroli, na sasa rafu za maduka ya Ulaya zina aina zote mbili.

Nimekaa kwenye hadithi hii kwa makusudi, kwa sababu tofauti kati ya steroli na stanoli ndiyo inayoamua kitakachotokea kwenye kikaango.

Kaboni ya saba

Katikati ya molekuli ya steroli, kati ya kaboni ya tano na ya sita, kuna kiungo maradufu. Kiungo hicho huifanya kaboni jirani, ya saba, iwe dhaifu: huachia hidrojeni yake kwa urahisi, na oksijeni huvamia nafasi hiyo. Mchakato huo ni wa jamii moja na kutu inayoshika bati au mafuta yanayochacha yakiachwa wazi. Steroli iliyovamiwa si steroli tena. Huwa ketoni, au pombe ya kikemia, au epoksidi, na kwa pamoja wataalamu huziita steroli zilizooksidika.

Stanoli haina kiungo hicho. Kiliondolewa pale ilipoongezwa hidrojeni. Kwa hiyo hata ikichemshwa muda mrefu huoksidika kidogo sana kuliko steroli. Paketi mbili zinazofanana rangi na ladha zinaweza kutofautiana kabisa mbele ya moto kwa sababu ya kiungo kimoja kisichoonekana.

Inafaa pia kukumbuka ule mnara wa kiwandani. Vitamini E hutoka humo pamoja na steroli, na vitamini E ndiyo mlinzi wa mafuta dhidi ya oksijeni: hujitoa mhanga, ikaoksidika yenyewe kwanza. Kwenye kikaango chenye moto mkali mlinzi huyo huisha mapema, na baada yake huanza kuliwa waliokuwa wakilindwa.

Je, wajua kwamba mafuta mazito hayailindi steroli?

Hili lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Kila anayejua mafuta anajua kwamba mafuta yanayoganda, kama ya nazi au ya mnyama, hustahimili kukaangia kuliko mafuta mepesi ya alizeti. Mtu angetegemea steroli nayo iwe salama zaidi ndani yake. Mwaka 2004 Laura Soupas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki waliipasha steroli moto ndani ya mafuta ya kanola na ndani ya mafuta yaliyoshiba, yaani ya aina inayoganda, kwa viwango tofauti vya joto. Katika nyuzi 100, steroli iliharibika zaidi kwenye mafuta mepesi. Katika nyuzi 180, mambo yakapinduka: iliharibika zaidi kwenye mafuta yaliyoshiba.

Maelezo yake ni mepesi ukishayasikia. Katika joto kali oksijeni hutafuta pa kushika. Mafuta mepesi yana viungo maradufu vingi, hivyo huliwa yenyewe kwanza na steroli hupata nafuu. Mafuta yaliyoshiba hayana cha kushikwa, na steroli hubaki peke yake mbele ya oksijeni.

Keki, mandazi na chapati

Joto la jiko na joto la chakula ni vitu viwili. Tanuri unaweza kuliweka nyuzi 180, lakini ndani ya keki, maadamu bado kuna unyevu, joto halipandi sana zaidi ya nyuzi 100. Maji yanayogeuka mvuke huchukua joto lote la ziada. Ganda la juu ndilo huungua zaidi. Steroli iliyo katikati ya keki imezungukwa na unga na mvuke, haioni hewa nyingi. Chungu cha mchuzi nacho kinachemka kwa nyuzi 100, na mfuniko ukiwa juu hewa ni haba.

Mandazi yanapozama kwenye karai la mafuta, mvuke unaotoka kwenye donge hufunika uso wa mafuta kama blanketi na kuisukuma hewa kando. Balaa la karai liko kwenye muda: mafuta yaleyale kupashwa asubuhi, jioni, na kesho yake tena.

Hali ngumu kuliko zote ni ile ya kijiko kimoja cha mafuta kilichotandazwa kwenye chuma cha moto. Utando mwembamba una uso mkubwa wa kugusana na hewa kuliko ujazo wake, maji yakishakauka hakuna cha kuzuia joto lisipande, na hakuna mvuke wa kutosha kuifukuza oksijeni. Yaani, kwa lugha ya nyumbani, ni kukaanga yai, na ni kuchoma chapati. Ukitaka kubuni njia ya kuijaribu steroli kwa ukali, hutahitaji maabara. Tawa la chapati linatosha.

Kuna pia kikwazo kisichohusu steroli hata kidogo. Majarini ya kawaida huwa na mafuta asilimia 80. Nyingi za majarini zilizoongezwa steroli ni za aina nyepesi, zenye mafuta nusu ya hayo au pungufu, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Ukizitupa kwenye kikaango cha moto hupasuka na kurusha matone, na chakula hubaki kikichemka badala ya kukaangika.

Kiasi gani hupotea?

Kwa kukaanga kwa dakika chache, sehemu kubwa ya steroli hubaki ilivyo. Inayogeuka ni kidogo. Aliyepikia majarini hiyo kwa bahati mbaya hajatupa hela zake, na hajajidhuru kwa mlo mmoja.

Wataalamu hawaulizi tena kilichopotea. Wanauliza kilichopotea kimekuwa nini, na kikiliwa kila siku kwa miaka kitafanya nini. Majibu ya wanyama hayakubaliani. Huko Kyushu, Japani, mwaka 2004, panya waliozaliwa na kasoro ya kuziba mishipa walilishwa steroli zilizooksidika, na mishipa yao haikuharibika zaidi ya ya wenzao. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha China cha Hong Kong walijaribu kwa hamsta: steroli nzima zilishusha kolesteroli, zilizooksidika zikapoteza uwezo huo, na mshipa mkuu wa wanyama hao ukalegea kwa shida.

Umoja wa Ulaya umeenda kwa tahadhari. Idhini ya steroli kwenye majarini iliacha nje mafuta ya kupikia na kukaangia. Ombi lilipopelekwa ili majarini za steroli ziruhusiwe kwa kupikia na kuokea, jopo la Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya lilijibu mwaka 2020 kwamba usalama wa matumizi hayo haujathibitishwa. Jopo halikusema ni sumu. Lilisema kwamba mwenye kuomba ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha, na uthibitisho haukutosha. Mimi naona uamuzi huo ni wa busara. Kitu ambacho mtu hukila kila siku kwa ajili ya moyo wake hakipaswi kuachwa na swali ambalo njia rahisi ya kulikwepa ipo.

Samli nayo ina kaboni ya saba

Kolesteroli ina udhaifu uleule wa steroli, mahali palepale. Mwaka 1987 daktari Marc Jacobson alichapisha kwenye jarida la Lancet vipimo vya samli ya Kihindi. Alikuta zaidi ya asilimia 12 ya steroli zote za samli hiyo, ambazo karibu zote ni kolesteroli, zimeoksidika. Kwenye siagi mbichi hakukuta hata chembe. Samli hutengenezwa kwa kuichemsha siagi mpaka maji yote yaishe, na maji yakiisha joto hupanda. Jacobson alidhani huenda hapo ndipo penye sababu ya Wahindi waliohamia ng'ambo kuugua moyo kwa wingi. Ilikuwa dhana, si hukumu. Lakini kwa sisi tunaopikia samli biriani na halua, ni jambo la kujua kwamba samli iliyotolewa jikoni mapema, ikiwa bado ya dhahabu, si sawa na ile iliyoachwa mpaka ikawa kahawia.

Steroli inayolinda mafuta

Zipo steroli zinazofanya kinyume kabisa na yote niliyoeleza. Avenasteroli, inayopatikana kwenye nafaka ya oti na kwa kiasi kidogo kwenye mafuta ya zeituni, huchelewesha kuharibika kwa mafuta yanayokaangiwa. Boskou na Morton walilionyesha hilo mwaka 1976. Siri yake iko mkiani: mkia wake una kiungo maradufu cha namna ya pekee kinachonasa chembe zenye vurugu na kuzituliza kabla hazijaeneza uharibifu. Sitosteroli na stigmasteroli, ndugu zake wa karibu, hazina uwezo huo.

Nani asiipake?

Paketi za Ulaya zinatakiwa kisheria kutahadharisha kwamba chakula hiki huenda kisiwafae wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 5, na kwamba mtu asizidishe gramu 3 za steroli kwa siku. Pia humhimiza mlaji ale matunda na mboga, kwa sababu abiria yule asiye na safari huikosesha kiti karotini vilevile, ile rangi ya karoti, maembe na mchicha ambayo mwili huigeuza vitamini A.

Na wapo wachache mno ambao kwao steroli ya kawaida tu ni hatari. Mwaka 1974 Bhattacharyya na Connor, madaktari wa Marekani, walieleza habari za dada wawili waliokuwa na vinundu vya mafuta kwenye kano zao, ingawa kolesteroli yao ilikuwa ya kawaida. Damu yao ilijaa sitosteroli. Sababu ilijulikana mwaka 2000: pampu ile ya ABCG5 na ABCG8 ilikuwa mbovu kwa wenye ugonjwa huo tangu kuzaliwa. Kwao kila kijiko cha mafuta ya mahindi ni mzigo, na majarini ya steroli hawapaswi kuigusa kabisa.

Kopo lililotoka safarini

Majarini ya kopo iliyozoeleka Afrika Mashariki, ile ambayo watoto hupakiwa kwenye mkate kabla ya shule, huongezwa vitamini. Ni kitu kingine. Ya steroli mara nyingi huja ndani ya sanduku la ndugu aliyetoka Ulaya, amemletea mama au baba aliyeambiwa na daktari kwamba kolesteroli yake imepanda. Lugha ya kopo ni ya kigeni, maelezo ni ya herufi ndogo, na inapofika jikoni hutumika kama majarini nyingine yoyote.

Ukilipata kopo hilo, tafuta neno moja: stanoli au steroli. Ikiwa ni stanoli na haikuandikwa kuwa ni nyepesi, moto hauitishi sana. Ikiwa ni steroli, pika chapati zako kwa mafuta uliyozoea, ziache tawani ziive, kisha zipake majarini hiyo zikishaepuliwa na kuwekwa kwenye sahani. Zitakuwa bado na joto la kuiyeyusha, na wali uliopakuliwa au viazi vilivyochujwa maji vinaipokea vizuri vilevile.